Kijiti Kutoka kwa Mwalimu

Kasongo, Jumapili jioni

Kiangazi kimekomaa. Tangu asubuhi moshi wa majani yanayochomwa mashambani umetanda juu ya mji, koo linawasha, na jua limekuwa jekundu mapema. Nimechoka. Nina hasira pia, na sijajua nimkasirikie nani. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kwenda kula.

Kesho kukicha lori la serikali linaondoka kwenda Bukavu na wakimbiaji wanne wa Kasongo. Huko watapambana na wanne wa kila upande wa jimbo katika mbio za kupokezana kijiti. Watakaoshinda hawatatenganishwa. Watachukuliwa wote wanne kama walivyo, wapelekwe Leopoldville, wawe timu ya Kongo nzima, na wapewe jezi ya buluu yenye nyota ya manjano kifuani.

Nimeiota jezi hiyo. Naona aibu kuliandika hilo, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, lakini nimeiota.

Ajenti wa teritwari, yaani ofisa wa serikali wa wilaya yetu, Mbelgiji kijana anayependa michezo kuliko kazi ya kodi, ameniachia mimi kuchagua hao wanne. Aliona nafundisha shule ya misioni, najua Kifaransa, na hapa mjini hakuna anayenishinda mbio ila Saidi peke yake. Aliniambia nichague, na mimi mwenyewe nijiweke ndani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nikapanga hivi. Wa kwanza Mulamba, wa pili mimi, wa tatu Kalonda, wa mwisho Saidi. Mulamba na Kalonda nimewafundisha mwenyewe tangu hawajui kushika chaki; sasa ni wanaume wenye ndevu, mmoja ni karani, mwingine fundi wa baiskeli. Saidi ni mwana wa duka pale mjini, karibu na msikiti. Hakuwahi kukanyaga shule yetu, baba yake alimpeleka chuoni kusoma Kurani, lakini tumekua pamoja na tunataniana kama watoto wa tumbo moja. Na wa akiba nilimweka Yohana, kijana wa Kabambare anayebeba magunia kwenye ghala la pamba. Yohana ana nguvu, ila peke yake hanifikii. Hata leo hanifikii.

Kwa miguu, sisi wanne hatukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kijiti.

Anayepokea kijiti hapaswi kusimama kungoja. Anaanza kukimbia mwenzake akiwa bado nyuma, anampa mgongo, ananyoosha mkono mmoja nyuma bila kutazama, na kijiti kinamkuta mkononi akiwa tayari amekolea mbio. Nimesoma hayo kwenye kitabu cha michezo cha misioni na nimewaeleza mpaka sauti imekauka. Wanaelewa. Ukiwauliza wanajibu vizuri sana. Tukianza kukimbia, yanakwenda na upepo.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Ninafika kwa Kalonda ninahema, na Kalonda, ambaye ameshaanza kukimbia vizuri, anapunguza, anageuka, ananitazama na kupokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo. Mulamba naye akinifikia hukaza breki hatua chache kabla, anashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ananikabidhi kijiti taratibu utadhani ni sahani ya wali. Saidi, kule mwisho anakosubiri, anapiga kelele kwamba mpaka chakula kimalizike kuandaliwa, Bukavu watakuwa wamelala.

Nilidhani ni uzito wa kichwa. Nilimwita Kalonda mjinga mbele ya watu, siku ya Alhamisi. Aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Leo baada ya misa ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kujaribu. Barabara iliyonyooka, ile yenye michikichi kutoka kanisani hadi ofisi ya teritwari, ilijaa watu waliovaa nguo za kanisani. Mke wangu alikuwepo na watoto. Ajenti alikuja na saa yake ya kupimia. Tulikimbia mara mbili, na mara zote mbili Kalonda aligeuka.

Ajenti akachukia. Alininyang'anya kijiti. "Hapana geuka! Angalia mbele!" akamwambia Kalonda, kisha akarudi nyuma, akatoka mbio mwenyewe na viatu vyake vizito, kumwonyesha. Kalonda alianza vizuri. Aliposikia vile viatu vinamkaribia mgongoni alisimama kabisa, akageuka, akasimama wima kama mbele ya bendera, akapokea kwa mikono miwili.

"Merci, Bwana," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ajenti naye alicheka, kwa sababu hakuelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona Kalonda huyo huyo dakika chache nyuma akichezea kijiti na Yohana na Mulamba, wakikimbizana, wakinyang'anyana, mgongo huku mkono kule, bila kukosea hata kidogo. Na Saidi, ambaye huwatukana na wao wanamtukana, hupokea kwa Kalonda kama wezi wanaopeana mali.

Kumbe hawakosei wakiwa wao kwa wao. Wanakosea kwangu.

Na nani aliwafundisha? Darasani kwangu mtoto akipokea kibao au chaki kwa mkono mmoja namrudisha nje, aingie upya, aamkie, apokee upya. Akinipa mgongo nikiwa nasema, anasimama pembeni mpaka kengele. Nyumbani kwao walishafundishwa na baba na mama zao kabla yangu, mimi nilipigilia misumari tu. Nilipigilia vizuri. Hata kwa mbio zote alizonazo, Kalonda hawezi kuing'oa.

Sikumwambia ajenti. Ningemwambiaje? Yeye anaamini hatujui kupokea.

Nikaanza kujitafutia mahali. Naandika kila kitu, hata kinachonichekesha mwenyewe. Kwanza nilijiweka wa kwanza, Saidi wa pili, ili nimkabidhi Saidi, ambaye hanistahi hata kidogo. Kijiti kilipita vizuri ajabu. Lakini mwisho tukabaki na Mulamba, na Mulamba akiona watu wengi mwishoni mwa njia anakakamaa. Ajenti akatikisa kichwa, akasema bila Saidi mwishoni tusijisumbue kwenda. Nikajiweka wa mwisho mimi, Kalonda akaniletea kijiti kwa breki na kiwiko. Nikahamia wa tatu. Nilizunguka timu ile kama mgeni asiyejua alale chumba gani.

Halafu nikasema mguu unaniuma. Haukuwa unauma. Nikamwita Yohana, nikamweka pale pangu pa pili, nikasimama kando na wale waliovaa nguo za kanisani.

Walikimbia. Sikutaka kuona, nikaona. Mulamba alimpa Yohana bila kupunguza mwendo, Yohana akakimbia na ule ukubwa wake, polepole kuliko mimi, nakiri polepole kuliko mimi, akafika kwa Kalonda na Kalonda hakugeuka. Mkono ulikuwa nyuma, wazi, ukingoja. Saidi alipomaliza, ajenti alitazama saa yake, akaitazama tena, akaniletea nione. Hawakuwa wamekimbia hivyo hata siku moja wakiwa na mimi.

"Sasa chagua," akasema. "Jioni lete majina."

Mke wangu alikuwa ameshasikia mguu unauma, akaja na uso wa wasiwasi. Nikamwambia ni kidogo tu.

Alasiri nilimwita Kalonda barabarani, sisi wawili tu, na Saidi ambaye hakualikwa lakini alikuja. Nilikuwa na wazo. Nilitaka kuing'oa ile misumari mwenyewe, kwa nguvu, kabla ya usiku. Nilimwambia Kalonda: hapa mimi si mwalimu. Nikikimbia nyuma yako mimi ni Gaspari tu. Niite Gaspari.

Kalonda alinitazama, akatazama chini.

"Mwalimu, tutafanya tena mara moja?"

Nikamwambia hapana, sitaki kukimbia. Nataka uniite jina. Gaspari. Ukiweza kuniita hivyo, utaweza kunipa mgongo, na tutakwenda wote Bukavu.

Alifungua mdomo. Naapa aliufungua. Jasho lilimtoka kuliko asubuhi alipokuwa anakimbia. Akaufunga.

"Mwalimu, mutu hawezi kuita mwalimu wake vile," akasema. "Si miye nakataa. Ni mukono unakataa, na kinywa pia. Mama yangu akisikia ataniuliza nini? Tuache tu, tutaenda vile, nitajikaza. Lakini usituache. Tukifika kule bila wewe watu watasema tulikukimbia."

Saidi alikuwa amekaa kwenye shina la mchikichi ulioanguka. "Ndugu yangu," akasema, "uliwatia adabu mpaka imeshuka kwenye miguu. Wallahi, ungesoma kwetu chuoni ungekuwa fundi mkubwa." Kisha akaacha utani. "Ukitaka kwenda, enda. Hakuna atakayekuondoa. Miye sitasema kitu. Lakini miye ndiye niko mwisho, na kijiti kinanifikia kimechelewa."

Ni hayo tu aliyosema. Wakaondoka.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu.

Kalonda aliposhindwa kuniita jina, nilifurahi.

Moyo wangu ulikuwa umeuma tangu asubuhi, na pale, kwa muda mfupi, ukatulia. Nilimtazama mtu mzima, fundi, mwenye mke na ndevu, anayeweza kupata jezi ya Kongo kwa neno moja tu, na neno lile halikutoka kwa sababu yangu. Ajenti anapita mjini na watu wanavua kofia, lakini akigeuka wanamwita majina ya dhihaka. Mimi nikigeuka bado ni Mwalimu. Leo nimehakikisha.

Ningeweza kuendelea. Ningekaa naye mpaka giza, ningemfokea, ningemwaibisha, na labda kabla ya lori angeweza kuniita Gaspari na kunipa mgongo. Kalonda ananitii, ningemwamuru asinitii, angetii. Nimelifikiria hilo wakati wote nikirudi nyumbani. Nikaona sitaki. Nikaona naogopa siku ya kurudi kutoka Bukavu, tukishinda au tukishindwa, nimkute dukani kwake na gurudumu la baiskeli mkononi, aniambie karibu Gaspari.

Kwa hiyo nisijidanganye kwamba nimewaachia nafasi kwa moyo mwema. Kesho watu watanisifu hivyo, padri atasema neno zuri, nami nitanyamaza nipokee sifa ambazo si zangu zote. Timu ni bora bila mimi, hilo ni kweli. Lakini kweli ya pili ni kwamba niliwekewa vitu viwili mezani, nikachukua kile nilichokipenda zaidi. Sikujua kama ndicho ningechukua. Jana ningeapa ni jezi.

Nilikwenda kwa ajenti kabla jua halijazama. Nikampa majina: Mulamba, Yohana, Kalonda, Saidi. Akauliza, "Na wewe?" Nikasema mguu. Aliutazama mguu wangu, akaniambia pole, akaandika.

Kwa Yohana nilikwenda mwenyewe, ghalani, alikuwa amelala juu ya magunia. Alipoelewa nilichosema alisimama, akakaa, akasimama tena, akaanza kusema peke yake kwa haraka, kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Kwao Kabambare hakuna mtu aliyewahi kufika hata Bukavu ila wanajeshi. Nimefurahi kwa ajili yake, na imeniuma. Yote mawili yalikuwepo.

Mke wangu nimemwambia mwisho. Alikuwa ameshanifulia kapitula yangu na kuikunja, na sokoni alishatangaza. Hakulia wala hakugomba. Aliifunua kapitula, akaikunja upya.

"Baba Tereza, mguu iko inauma kweli?"

"Hapana."

"Nilijua," akasema. "Niliona vile ulikuwa unatembea." Akaiweka kapitula kando. "Na wale vijana, watapokea muzuri?"

"Watapokea vizuri sana."

Akaniambia chakula kinapoa. Akatoka, na nilimsikia huko nje akiwafokea watoto kuliko walivyostahili.

Nimeandika mpaka hapa na bado hasira ipo, ila imepungua, na sasa najua hakuna wa kumkasirikia. Nitakula. Nitalala nikiweza. Kesho asubuhi nitakwenda barabarani kuwaaga, Kalonda atashuka kutoka kwenye lori kuniamkia, sitamzuia. Lori lile halijawahi kuwaka bila kusukumwa, na watu wa kusukuma alfajiri huwa wachache. Nitasukuma.