Uji wa Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimekoroga uji peke yangu tena. Kuni mbichi, moshi, macho yamevimba. Zamu ilikuwa ya watu wanne. Kikundi chetu cha kujitolea kina watu tisa na kila mtu ana cheo: mimi mwenyekiti, kuna makamu, katibu, msaidizi wa katibu, mpaka mlezi. Niliwagawia mwenyewe ili wasitoke kikundini. Sasa nani abebe sufuria? Viongozi watupu!

Jumatano, 3 Julai
Nilikuwa msibani. Hakuna aliyepika. Wodini kuna dada wa Mishamo, kule makazi ya wakimbizi, amejifungua juzi, ndugu zake wako mbali. Wenye ndugu wanaletewa chakula. Yeye anatutegemea sisi. Ameshinda njaa na mtoto ananyonya. Nesi kaniambia, "Mama Neema, kama mmeshindwa semeni." Aibu niliyoona! Nimewachukia wenzangu wote.

Ijumaa, 5 Julai
Kikao. Kelele tu. Nikasema tuvunje kikundi. Mama Masanja, yule Msukuma aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe wao, akacheka. Kwao watu wakienda kulima wanagawana pande mbili, na upande unaobaki nyuma unaimbwa mpaka uone haya. "Nyie mnapeana vyeo, hampeani utani. Nani ataacha kitanda kwa ajili ya cheo?"
Nilikasirika. Uji wa wagonjwa si ngoma. Lakini sikuwa na jingine. Vyeo tumevifuta. Pande mbili, kwa mitaa tunayokaa: Makanyagio, niliko mimi, na Nsemulwa.

Jumatatu, 8 Julai
Makubwa! Zamu ya Nsemulwa, wamefika kabla hata ya adhana. Wametuimba njia nzima kwamba uji wa Makanyagio una madonge. Madonge! Kesho watanitambua.

Jumanne, 9 Julai
Wamenitambua. Tumetia karanga. Dada wa Mishamo kanywa vikombe viwili, kaomba na cha tatu. Raha sana leo.

Alhamisi, 18 Julai
Malaria. Zamu yetu, na kichwa hakinyanyuki. Nimesubiri wenzangu waje kuuliza kuni ziko wapi, unga kiasi gani. Hakuna aliyekuja. Nikajua hawajapika. Nimelia.
Saa tatu mwanangu Neema karudi kutoka wodini. Anasema wenzangu wamepika, wagonjwa wote wamekunywa, sufuria zimeoshwa. Hakuna aliyeniulizia.
Imeniuma kidogo. Halafu nikacheka, nikavuta blanketi, nikalala.