Diski ya Mwalimu Mukhisa

Matisi, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Nabwile,

Mulembe, dada. Natumaini magoti yamepata nafuu na vitunguu vinatoka vizuri hapo sokoni Kamukuywa. Sisi huku ni wazima, na binti yangu Sandra anakusalimia sana. Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko, na leo sitaki unikatize.

Nina habari tamu. Nimelipiza kisasi kwa Mwalimu Mukhisa.

Unakumbuka shule yetu ya msingi ilikuwa inatimiza miaka hamsini, nawe ukakataa katakata kwenda. Mimi waliniita kuhutubia kwa kuwa nafundisha Kiingereza chuoni. Nilikubali siku hiyo hiyo. Fundi mmoja hapa Matisi akanichongea kibao cha ukubwa wa kiganja, akakitoboa na kutia kamba ya katani, sawasawa na ile diski tuliyovishwa shingoni tukinaswa tukisema Lubukusu, nasi tukaivua tu kwa kumvisha mwenzetu tuliyemnasa. Nilikitia mkobani, nikaenda nacho Bungoma Ijumaa nikitabasamu peke yangu.

Mzee alikaa mbele na suti ya kijivu. Siku hizi ni mzee wa kanisa. Wakamsifu weee, ati alitufundisha Kiingereza safi kisichobadilika. Hapo damu ikanichemka. Zamu yangu ilipofika nikamwomba asimame atusomee Sala ya Bwana kwa Kiingereza. Akacheka, akasema hiyo anaijua hata akiwa usingizini. Nikampa karatasi. Ilikuwa Baba Yetu ile ile, ila ya Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Dada, nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Ndipo nikawaeleza watu. Waingereza walivamiwa na watu wa kaskazini waliotoka baharini. Wakapigana, wakaoana, wakauziana mifugo, na katika kutafuta kusikilizana maneno yao yakapukutika miisho. Kisha wakaja watawala kutoka Ufaransa, na kwa karibu miaka mia tatu wakubwa wa nchi ile wakakidharau Kiingereza. Kilikuwa lugha ya wachungaji wa ng'ombe, kama walimu walivyokiita Lubukusu chetu. Ndiyo maana hadi leo ng'ombe wao akiwa zizini anaitwa kwa jina la mkulima, cow, lakini nyama yake ikifika mezani inaitwa kwa jina la bwana wa Kifaransa, beef. Nikawapa na la Mama Lajwanti, mwenye duka la vitambaa hapa Kitale, asemaye Waingereza walichukua shampuu na pajama kwao India na mpaka leo hawajarudisha. Lugha hiyo imeokota kwa kila mtu, na sijasoma popote kwamba mtoto wao alivishwa kibao kwa hilo.

Nikamgeukia Mwalimu, nikamwambia sheria ni yake mwenyewe: asiyeweza Kiingereza huvaa. Nikamvisha mbele ya wote. Watu walicheka, hata wa bodi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nilikiwaza kile kidole chako kisichonyooka, na jinsi unavyoinuka mezani watoto wako wakianza Kiingereza chao, nikatamani kibao kingekuwa jiwe la kusagia.

Lakini hakukivua. Aliomba kipaza sauti akasema kinamstahili. Akasema kuna msichana mmoja wa darasa la saba, Nabwile, aliyekutwa na diski kengele ya jioni ilipolia. Alimuuliza tena na tena ni nani aliyempa, maana aliyempa naye angegawiwa viboko. Msichana akanyamaza. Yeye akadhani ni kiburi, akachapa mpaka kidole kikavunjika, na msichana hakurudi shule tena. Akasema ni karibu miaka arobaini anajiuliza yule mtoto alikuwa anamficha nani. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi, ndugu yako, najua.

Nilisema sijui. Nilisema kwenye kipaza sauti, dada.

Wewe unajua ni mimi, na hukuwahi kunitaja. Ila kuna usilolijua. Siku ile diski ilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi, na kengele ilikuwa karibu. Nilikaa chini nyuma ya jiko la shule nikakuita nikilia kwamba nimechomwa na mwiba. Ulikuja mbio, ukapiga magoti, ukanishika mguu ukinibembeleza kwa Lubukusu, kwa sababu mtoto anayelia habembelezwi kwa Kiingereza. Nikakuvisha. Tangu hapo umeamini ulijinasa mwenyewe kwa huruma yako. Krismasi iliyopita hata ulinitania, ukaniuliza kama kovu la ule mwiba bado lipo.

Mwiba haukuwepo.

Msalimie shemeji Wepukhulu na watoto wote. Mwalimu alinirudishia kibao pale langoni, nami nimekifunga pamoja na barua hii. Jumamosi nitakuja sokoni nisimame mbele ya vitunguu vyako, watu wakiona. Nivishe.

Ni mimi mdogo wako,
Rispah