Kifungu cha Kumi na Saba

Jumatatu, 27 Mei 1957

Jibu limefika. Nimekubaliwa kufanya ekizame ya kuingia skuli ya sheria kule Léopoldville. Mimi Octave, miaka arobaini na tatu, karani wa tribinali ya Kasongo, mtu wa primeri sita tu. Nafasi ni moja, na tuko wawili: mimi na Zuberi wa mtaa wa Waislamu, karani wa kodi. Hakuna kuandika. Tutaulizwa kwa mdomo, Jumanne baada ya Pentekoste.

Mke wangu Louise akauliza, skuli na mvi hizo? Nikamwambia mvi ndizo zinazojua sheria. Akacheka mpaka majani ya sombe yakaungua chunguni.

Lakini furaha imekwisha saa hiyohiyo. Pamoja na barua wamenipa kitabu cha kusoma: desturi za Kasongo na Kabambare, kwa Kifaransa. Mwandishi ni ajenti wa Territoire, serikali ya wilaya, yule watu wote wanamwita Bwana Haraka kwa sababu hakai chini. Nafungua — maneno ni yangu! Mwaka 48 nilitembea naye kijiji kwa kijiji. Yeye anauliza, mimi nageuza kwa Kiswahili, wazee wanajibu, mimi naandika. Miezi saba. Kwenye kitabu natajwa mara moja: "karani mmoja". Jina sina.

Nimesali rozari nzima na hasira haikushuka.

Alhamisi, 30 Mei. Kupaa kwa Bwana

Baada ya Misa nimesoma na Zuberi barazani kwake. Vifungu sitini na viwili, yeye amekwisha kushika arobaini. Anavitoa bila kutazama, anatikisika kidogo kama yuko chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani.

"Nyinyi watu wa misioni mulifundishwa kuelewa," ananiambia, "sisi kushika. Tutaona Muzungu anapenda nini."

Nikacheka. Kisha nikakumbuka kwamba huyu misioni walimkataa kwa sababu baba yake hakutaka abatizwe. Kifaransa alijifundisha peke yake, dukani kwa mjomba. Nikaona haya. Hata yeye nilitaka kumkasirikia, bure.

Jumamosi, 1 Juni

Marcelline amefika. Dada yangu mdogo, ametoka Wamaza, kijiji chetu upande wa Kabambare, kwa miguu, nyayo zimepasuka. Hakuwa na mtoto mgongoni.

Mume wake Grégoire alikufa Januari. Mdogo wa marehemu alitaka kumrithi, Marcelline akakataa. Yeye ni mkristo, na yule ana bibi wawili tayari. Wakweze wakamshitaki kwenye tribinali ya kule. Karani akafungua kitabu, kifungu cha kumi na saba: mjane akikataa ndugu wa marehemu, anaondoka peke yake. Wakamchukua binti yake Victorine. Ana miaka mine.

"Hawakuniita hata kuketi, yaya, kaka yangu. Nilisimama inje kwenye jua. Wazee walikuwa ndani, hakuna aliyefungua kinywa. Nani aliandika kitabu hicho?"

Nimemwambia ale kwanza.

Jumapili, 2 Juni

Sikukomunika, Ekaristi sikuipokea. Sitaweza mpaka niandike hii.

Kifungu cha kumi na saba niliandika mimi, Wamaza, mwaka 48. Bwana Haraka aliuliza: mjane anayekataa kurithiwa anaondoka na watoto, ao peke yake? Wazee wakanyamaza. Mimi ni mwana wa kule, nilijua sababu. Kwetu wazee hawatamki neno juu ya mjane kama yeye mwenyewe hajaketi mbele yao. Walikuwa wanangoja tumlete mjane mmoja, yeyote. Ningesema maneno matatu, Bwana angengoja.

Angengoja? Motokari ilikuwa inanguruma. Akatazama saa. "Peke yake, basi. Hawakatai. Andika." Nikaandika. Na nikatia sahihi.

Nilikuwa najua sheria yenyewe tangu utoto: mtoto ambaye meno hayajabadilika hatolewi kwa mama yake. Kila mtu wa Wamaza anaijua. Nilinyamaza kwa sababu mwaka ule nilitaka kupandishwa cheo. Nikapandishwa.

Sasa nimkasirikie nani?

Jumatano, 5 Juni

Nimemkasirikia Bwana Haraka. Nimekwenda ofisini, kofia mkononi, nikamwambia: Mosio, kifungu cha kumi na saba kina kosa, na hukumu ya Wamaza imetoka humo. Wewe una nguvu ya kuivunja.

Alikuwa amesimama, anafunga mkoba. Akasema hukumu anaweza kuvunja, kitabu chake hapana, kimekwisha kuchapwa Ulaya. Kisha akavuta daftari la mwaka 48. Sahihi hii ya nani? Karani anayeandika uongo katika karatasi za serikali anafanywa nini, Octave?

Nikasema anafukuzwa.

Akatabasamu. Ekizame ataendesha yeye mwenyewe. Wazee wa tribinali za Kabambare amewaita waje kusikiliza, wa Wamaza vilevile, wajifunze namna ya kutumia kitabu. "Kifungu hicho ukisome vizuri."

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimesahau kuvaa kofia.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Padri amehubiri juu ya ndimi za moto. Sikusikia nusu.

Louise anasema, jibu kama kitabu, upate skuli, ukirudi mukubwa utarekebisha. Marcelline alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ukirudi, meno ya Victorine yatakuwa yamebadilika." Louise akatoka, akalia nyuma ya jiko. Wote wawili wana haki, na hiyo inanichoma zaidi.

Jioni nimemwambia Marcelline: Jumanne tutakwenda wote. Chukua mkeka wako.

Jumanne, 11 Juni

Niko kwenye benchi inje ya ofisi. Naandika juu ya magoti.

Zuberi ameitwa kwanza. Dirisha liko wazi. Ameulizwa kifungu cha tisa, cha thelathini, kisha cha kumi na saba. Amekitoa chote bila kukwama. "Très bien," Bwana amemsifu. Wazee kimya. Ametoka jasho tupu, amemwona Marcelline na mkeka wake, hakuniangalia tena. Amesema polepole, "Nisamehe, ndugu. Ndivyo kilivyoandikwa." Ningemkasirikia vipi? Ni mwandiko wangu.

Wameita jina langu.

Sijaokota kofia yangu, Marcelline amekwisha kuinuka. Amepita mlango, boi wa ofisi hakumwahi. Kwa dirisha namwona: ametandika mkeka chini, mbele ya wazee, ameketi, miguu ameikunja upande mmoja. Bwana Haraka anauliza huyu mwanamke ni nani. Anauliza tena. Hakuna anayemjibu, hawamtazami hata. Mzee wa Wamaza ameweka kiko chake chini, anajisogeza mbele ya kiti.

Jina langu mara ya pili. Bwana atahitaji mtu wa kumgeuzia maneno ya wazee. Naingia.