Kichupa cha Kumi na Saba

Kwako mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama amepaka jiko rangi ya samawati, na kila siku ananiuliza kama utaipenda. Paka wako amenenepa hata dirisha limemshinda kuruka.

Unakumbuka siku ya likizo yako uliponifuata maabara? Tulikuwa tumepungukiwa na damu ya watu wasio wagonjwa, ya kulinganishia, nawe ukanyoosha mkono ukicheka: "Nyonyeni, kupe nyie, ila mnipe soda!" Kichupa chako kilikuwa cha kumi na saba. Lebo niliibandika mwenyewe, jambo ambalo kanuni zetu zinalikataza, kwa kuwa mtafiti hapaswi kujua damu ni ya nani.

Jumanne kipimo chetu kipya kilionyesha dalili ya saratani ya ini katika kichupa kimoja cha wasio wagonjwa. Ni hicho chako.

Kipimo bado ni cha majaribio, na kimekwisha kutudanganya mara kadhaa. Nawe ulitia sahihi kwamba hutapewa majibu. Nilipomdodosa mkuu wangu bila kukutaja, aliniambia, "Mama, usimtie mtu kiwewe kwa jambo tusilolijua." Huenda amesema kweli. Barua hii nimeichana mara mbili.

Hata hivyo, usingizi umenikataa. Nenda hospitali wiki hii ukapimwe upya. Wakikuuliza unaumwa nini, waambie huumwi. Ni dada yako anayeogopa.

Ni mimi,
niliyekushika mkono sindano ilipoingia.