Ungeniambia, Ningevaa

Jumamosi, Tabora. Jua la leo si la mchezo. Mawingu yamekusanyika upande wa Urambo tangu asubuhi, yananguruma kidogo, kisha yananyamaza. Mvua hakuna.

Nina aibu. Naandika nikiwa nimetulia, ila aibu ninayo.

Mnaonisoma hapa mnaijua ile picha. Wiki tatu zilizopita nilikuwa stesheni na kamera, kama kawaida yangu, natafuta sura za watu nisiowajua. Treni ya Kigoma ilikuwa inaanza kuondoka. Mama mmoja muuza asali anakimbia kando ya behewa, chupa mkononi, anamwita mteja aliyeko dirishani. Ushungi umemwangukia mabegani, nywele zenye mvi ziko nje, mdomo wazi, jasho linamtoka. Mwanga wa jioni ukampiga usoni. Nikabonyeza mara moja tu. Jina sikumuuliza, ruhusa sikuomba. Nikaja kuiweka hapa, nikaandika chini yake "Uso wa Uvumilivu", nanyi mkamwaga alama za makopa mekundu. "Masikini, mama wa watu." "Maisha magumu jamani." Nikajiona nimefika.

Juzi ikaja barua pepe kutoka Dar. Picha imechaguliwa kwenye maonyesho, itachapishwa kubwa, itawekwa mlangoni kabisa. Miaka tisa napiga picha za paspoti na za harusi, sijawahi kuona jina langu ukutani popote. Walitaka kitu kimoja tu: fomu ya ridhaa yenye sahihi ya huyo mama, iwafikie kabla ya leo jioni.

Basi asubuhi nikatia fomu kwenye mkoba, nikavaa kofia, nikatoka. Kofia ina sababu yake. Jana nilianza kufumua nywele, umeme ukakatika nikiwa nusu, nikaacha hivyo hivyo. Upande mmoja rasta, upande wa pili msitu.

Pale stesheni wauzaji wenzake wakaniambia anaitwa Mama Zuhura, anakaa Ng'ambo, geti la bluu. Niseme ukweli: sikutegemea geti. Kichwani mwangu nilishamjengea kibanda. Nimekuta nyumba ya tofali za kuchoma, ua umefagiliwa, makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe, na friji kubwa kuliko ya kwetu. Yote hiyo ni asali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

Nikajitambulisha kwa mbwembwe, nikatoa simu nimwonyeshe picha yake. Akaisukuma taratibu kwa kidole. Alishaiona. Ametumiwa kutoka Urambo na mama wa kijana anayemuoa Zuhura, binti yake, pamoja na swali moja: "Huyu ni wewe?" Harusi ni mwezi ujao.

Hakunifokea. Bora angenifokea. Alisema tangu awe mwari, wanaume wasiomhusu hawajakiona kichwa chake, na sasa wamekiona mpaka wakwe. Tena chini yake watu asiowajua wamejaa kumwonea huruma.

"Nina shida gani mimi, mwanangu? Ungeniambia, ningevaa."

Mimi ni Mmoraviani, nywele zangu ziko nje kila siku. Nilichokiona siku ile ni mwanga tu, wallahi ushungi hata sikuuwazia. Lakini badala ya kusema samahani nikaanza kumweleza habari za picha isiyopangwa, eti ukweli wa mtu unaonekana akiwa hajajiandaa. Nilieleza vizuri sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji baridi, akasema, "Haya. Ngoja basi nikavae, unipige nyingine."

Nikabaki sebuleni. Joto lile! Nikavua kofia nijipepee, nikajitandaza kwenye kochi, nikainua bilauri kichwa nyuma.

Kacha!

Mama Zuhura kasimama mlangoni, simu mkononi. Akaja kunionyesha. Mama yangu! Rasta huku, msitu kule, maji yanachuruzika kidevuni, macho yamegeuka kama ya mbuzi wa Idi.

"Mama, naomba uifute hiyo. Sijajiandaa."

"Mbona imetoka vizuri?" akasema, hata hakucheka. "Uso wa uvumilivu."



Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka naye huku masikio yananiwaka. Samahani niliisema hapo, kwa kuchelewa, na nilimaanisha.

Kisha nikampiga alivyotaka yeye. Ushungi wa zambarau, mkufu, kiti cha mbao uani, mikono magotini, chupa ya asali juu ya stuli. Hakutabasamu. Picha za namna hii nimepiga mamia, na siku zote nimezidharau. Leo nilikuwa na muda wa kumtazama, na macho yake hayakumwomba mtu yeyote chochote. Akaikubali palepale, akatia sahihi kwenye fomu kwa ajili ya hiyo, akanifungia na chupa ya asali.

Nimerudi, nimeitoa ile ya zamani hapa kwenye blogu. Msiniulize iko wapi. Nikawaandikia Dar, nikawatumia mpya. Wamejibu ndani ya saa moja: asante, ila hii siyo tuliyoichagua. Nafasi wamempa mwingine.

Imeniuma. Nililia kidogo, nisijifanye.

Sasa magharibi imeadhiniwa, ngurumo zimerudi. Ile picha ya stesheni nilikuwa bado ninayo kwenye kompyuta, yenyewe kabisa, ile ya asili. Nilijiambia ni kumbukumbu tu, hakuna atakayeiona. Nilikuwa nimeifungua naitazama, kwa kweli ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Mwanangu, yako nimeshaifuta. Kasuke nywele."

Nikamjibu papo hapo: "Asante mama. Na mimi yako nimeshaifuta."

Jibu hilo lilikuwa uongo kwa muda wa dakika tano hivi. Sasa ni kweli.