Sinia Moja, Miili Miwili

Jumapili, mwezi wa tatu. Kilosa.

Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa jua limetoka kwa hasira mpaka uani kunafuka mvuke. Matope ya huku kwetu Mabwerebwere nayo mnayajua, unatoka na ndala mbili unarudi na moja. Moyo wangu leo uko hivyo hivyo, nusu mvua nusu jua. Nina huzuni na nina nafuu, na sijui niandike kipi kwanza.

Nianze na aibu. Jana nimepimwa mafuta.

Si ya kupikia. Ya mwilini.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba kila Jumamosi napanda basi kwenda Mikumi kupeleka kazi za watu, maana steshenari yangu hapa sokoni ndiyo inayochapa menyu na vitambulisho vya hoteli kadhaa za kule. Nyuma ya gesti moja kando ya barabara kuu kuna jimu. Wanaokuja ni madereva wa magari ya watalii, walinzi, wapishi wa hoteli, na tangu miezi michache iliyopita, mimi. Mwenyewe ni Kocha Tito, kijana mpole mwenye shingo nene, na juzi juzi amenunua mashine. Unavua viatu, unapanda juu yake miguu mitupu, unashika vishikio viwili, unatulia. Halafu inamwaga siri zako zote kwenye kioo, mbele ya madereva.

Asilimia thelathini na nane.

Yaani zaidi ya theluthi yangu ni mafuta matupu. Dereva mmoja aliguna. Nilimkata jicho, akarudi kwenye vyuma vyake.

Kocha alinivuta pembeni akanielewesha taratibu. Misuli nina kidogo, mafuta ninayo tele, na nikitaka kurekebisha vyote kwa mpigo nitachoka kabla sijaona faida. Kwa hiyo nichague. Kuna kujaza, ambako unakula sana na kunyanyua vizito ili misuli ije, mafuta yatashughulikiwa baadaye. Na kuna kukata, ambako unapunguza chakula, hasa ugali wa jioni, mafuta yaondoke kwanza. Ushauri wake ni nikate, kwa sababu ya magoti yangu na kwa sababu ya presha ambayo daktari ameshanionya mara mbili. Akaniambia nimpe jibu leo aniandalie ratiba.

Mtu mwingine angejibu palepale. Mimi nilikaa kwenye benchi la vyuma nikaanza kulia, jamani, mtu mzima, steshenari yake ina mafundi wawili. Kocha alidhani ni ile namba. Haikuwa namba. Nilikuwa najua mafuta yale yametoka wapi.

Yametoka kwenye sinia la baba.

Mama alifariki mwaka jana, masika kama haya. Wengi mlinipa pole hapahapa na sijasahau. Ila kuna jambo sikuwahi kuliandika. Wazazi wangu walikuwa wanakula sinia moja. Najua nyumba nyingi za huku kwetu wanaume wanakula barazani na wanawake jikoni, na wao walianza hivyo, sisi tukiwa wadogo na nyumba imejaa watu. Kisha baba akapunguzwa kazi reli, enzi zile mashirika yanabinafsishwa na wanaume wenye nguvu zao wanarudi nyumbani asubuhi wamebeba masanduku ya vifaa. Siku hiyo baba alikaa barazani hakugusa chakula. Mama alibeba sahani yake kutoka jikoni, akaenda kukaa naye mkekani, akamimina vyote kwenye sinia moja. Hakurudi tena jikoni. Majirani waliwacheka, wakawaita maharusi, na maharusi wakabaki maharusi mpaka mama anaondoka.

Matanga yalipoisha na ndugu wakatawanyika, nikarudi kuishi na baba. Nilikuwa nampikia, namtengea, naingia ndani kumwachia nafasi yake. Nikirudi nakuta chakula kimepoa, kimeguswa pembeni tu kama kilichodonolewa na kuku. Suruali zikaanza kumvuka. Alitoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari, baada ya muda akatoboa jingine. Msikitini wakaanza kusema chinichini kwamba mzee anamfuata mkewe, na mimi niliyekuwa naye kila siku ndiye niliyeogopa kuliko wote.

Jioni moja nikachoka. Nikatoka, nikakaa mkekani upande wa mama, nikanawa, nikatia mkono kwenye sinia.

Baba akala.

Sasa, kwa msomaji ambaye si wa huku, naomba nieleze jambo moja dogo. Kwenye sinia, aliyenawa mkono amemaliza. Na mtu mwenye adabu zake haendelei kumega peke yake wakati mwenzake ameshanawa, ataonekana mroho. Baba ni mtu wa adabu zake. Nikinawa, naye ananawa, hata kama ndiyo kwanza amekula matonge mawili. Kwa hiyo nikawa sinawi. Naendelea kula ili naye aendelee. Nimeshiba, namega. Nimevimbiwa, namega. Naye kila akipata mnofu mzuri wa samaki anausogeza upande wangu, na mtu hakatai mnofu aliosogezewa na baba yake.

Mwaka mzima tumekwenda hivyo. Baba amerudi, mashavu yamerudi, mkanda umerudi tundu lake la zamani. Mimi kanga hazinizunguki.

Mjini wananisifia. Watu wa Kilosa bwana, ukinenepa umepata mume, ukikonda umeachwa. Wateja wananiambia nimenawiri, wananiuliza ni nani huyo. Nawajibu yupo. Sisemi kwamba ni mzee wa miaka sabini na kitu anayependa kambale.

Nikiri na hili. Pale jimu, huku nafuta machozi, nilitamani Kocha aniambie nijaze. Kujaza kungenipa ruhusa. Ningeendelea kukaa pale mkekani, nile mpaka mwisho, na ningekuwa na jina zuri la kuliita. Lakini natamani pia magoti yangu ya zamani. Natamani kupanda ngazi za ofisi ya wilaya bila kusimama katikati kujifanya natafuta simu kwenye mkoba. Mama alikufa na maradhi aliyokuwa ameyaficha, na mimi sitaki kufa na yangu ambayo nimeshaambiwa.

Njia nzima ya kurudi, kutoka Mikumi mpaka tunapita kijiji cha Ulaya, nilikuwa namwaza yeye. Sikuwahi kumkumbuka mama kwa njaa ya namna ile. Nilitaka kumuuliza swali moja tu. Alikuwa mwembamba siku zote, na sinia lao lilikuwa linaisha. Alikuwa anafanyaje?

Jana jioni nikajaribu kukata. Baba alitoka kuswali magharibi, nikaweka ugali, mlenda na kambale wa mto Mkondoa. Nikala matonge machache, nikavuta maji, nikanawa. Nikasema nimeshiba, nimekula chipsi Mikumi. Uongo mtupu.

Baba aliliangalia beseni. Akameza tonge lililokuwa mdomoni, akavuta maji naye, akanawa mpaka kwenye kifundo. Alhamdulillahi. Kambale akabaki karibu mzima.

Niliosha vyombo nikiwa na hasira. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Kocha na mashine yake, kisha nikamkasirikia mama kwa kuniachia nafasi nisiyoiweza. Miili miwili, sinia moja. Mmoja ukikatwa na mwingine unakatika.

Leo asubuhi, mvua ikiwa inapiga bati, nilimpelekea chai, nikamwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, nikaketi nikamwambia ukweli wote. Nikamweleza mashine. Aliuliza kwanza kama imeona ugonjwa. Nikasema hapana, imeona mafuta, na nikizembea ugonjwa utakuja wenyewe. Akauliza mafuta yote hayo nimeyapata wapi na siku nzima nipo kazini. Hapo nikashindwa. Nikamwambia nimeyapata hapa, kwenye mkeka huu, kwa sababu nakula ili na yeye ale, na nikiacha ataacha, na nimeshamzika mzazi mmoja.

Akazungusha kikombe kwenye kisosi. Halafu akasema:

"Kwani nani alikwambia nataka ule?"

Nikamjibu kwamba mwenyewe anaona, nikinawa ananawa.

"Nanawa kwa sababu umenawa. Si kwa sababu hujala." Akaweka kikombe chini. "Mama yako miaka ile ya mwisho alikuwa hali chakula. Unalijua hilo?"

Nilibisha. Nilikuwa nakuja kila sikukuu, nilimwona kwa macho yangu kwenye sinia, mpaka mwisho, mkono ndani.

"Ulimwona amekaa. Tonge moja, mawili, basi, tumbo lilikuwa limeshamkataa. Ila alikuwa hanawi mpaka nimalize." Sauti yake haikutetemeka, ilipungua tu. "Wewe kula, usile, shauri yako. Ila usinawe kabla yangu."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hawakutuambia. Nikamwangalia usoni nikajua jibu. Mama alimkataza, na baba hajawahi kumbishia mama jambo lolote, hata lile.

Nimelia leo kuliko siku ya mazishi. Nimeukumbuka mkono wake, wallahi, kama nauona. Ugali umemkaukia vidoleni, mweupe, na yeye anaukwangua kwa ukucha wa dole gumba huku anatusimulia bei za nyanya na nani kamwoa nani. Mimi nilikuwa namtania kwamba anakula kwa madaha kama bi harusi. Alikuwa anacheka. Alikuwa anaumwa, ana njaa isiyoingia chakula, amekaa mkekani na mkono mchafu ili mume wake asionekane anakula peke yake, na mimi mwanawe namtania. Nina hamu na mama yangu. Natamani nirudi sikukuu moja tu katika zile, nisogee upande wake, nisiseme kitu.

Sina la kufanya na hamu hii. Haijazwi wala haikatwi.

Nimemwandikia Kocha Tito ujumbe mfupi: nakata. Akajibu kwamba atanipa ratiba Jumamosi, na akaniuliza nimeamua nini kuhusu mzee, maana jana pale kwenye benchi nilimdokezea. Nikamwambia mzee hana tatizo, tatizo nilikuwa mimi. Sidhani kama ameelewa.

Mchana huu tumekula wote. Wali, maharage, na yule kambale wa jana niliyempasha. Nilimega kidogo nikaacha. Mkono nikauweka pembeni ya sinia, haujanawa. Dakika za mwanzo nilijisikia mjinga, vidole vinanata, inzi wananifuata, na harufu ya samaki inanichokoza nirudi. Baba akamega. Akamega tena. Akaanza kunisimulia habari za stesheni ya Kidete, jinsi mto ulivyowahi kula reli na yeye na wenzake wa reli wakalala huko wakila mahindi ya kuchoma ya wanakijiji. Sijawahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote. Nimekaa mkekani hapa mwaka mzima nikiwa na mdomo umejaa, nitaisikia wapi?

Akala mpaka akafikia ukoko. Akanisogezea mnofu wa mwisho. Nikaurudisha upande wake. Akauangalia, akaula.

Sasa ameegemea ukuta, amesinzia hapohapo alipo, mkono wake wa kulia juu ya goti, una mafuta ya samaki, hajanawa. Maji yapo kwenye birika karibu yangu kabisa. Mimi naandika haya kwa dole gumba la kushoto, herufi moja moja, na wali umeshanikaukia vidoleni mpaka ngozi inavuta.

Mama, mimi nakuwaza wewe. Wewe ulikuwa unamwaza nani, ukikaa hivi kumsubiri?