Imani Iliyong'oa Maharagi

Mama Ikirezi wa redio, nakuandikia unisaidie mbele ya mambo kuharibika kabisa. Tulikimbia vita Fizi, tuko hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka wa sita, na mwaka huu tulifanya entervyu ya kwenda Amerika, tukabaki kungojea majina ya wenye kusafiri yabandikwe ku ubao. Sasa mu chumba chetu cha maombi kuko mama mumoja, Madeleine, yeye ndiye anatuongoza, akatufundisha safari iko mu imani ya mutu mwenyewe, ukiamini kwa nguvu Mungu hawezi kukataa, lakini ukilima shamba umeshamuambia utabaki, na mimi nikakamata ile neno na mikono mbili. Nikagawa masufuria, nikagawa jembe. Bwana yangu Laurent akaazima jembe, akapanda maharagi kimya-kimya, yakaota vizuri, na ile asubuhi nilipoyaona, mama wee, niliyang'oa yote, mustari kwa mustari, niko naimba. Laurent akakuta majani yamenyauka, akakaa chini fasi ile ile. Hakunipiga, lakini mupaka leo haniongeleshi.

Kiisha majina yakabandikwa na sisi hatumo. Nikakimbia kwa Madeleine nalia, akaniangalia, akasema, "Mu nyumba yako kuko mutu hakuamini." Orpa, binti yangu wa miaka tisa, alikuwa amenishika nguo, akasikia. Leo ni siku ya pili hakuli. Namupa bugari, anasukuma sahani, ananiambia, "Mama, ni mimi. Niliomba tusiende, juu sitaki kuacha rafiki yangu. Nafunga ili imani yangu ikomae." Moyo unaniuliza, na kama ni kweli? Nimuache afunge, ao nimukataze? Nikimukataza, si nimekosa imani tena?

Mariette, Nakivale

Mama Orpa, barua yako imefika hapa redioni Mbarara asubuhi hii na gari la Nakivale, na nyingine zote nimezisukuma pembeni. Kama unanisikia, inuka sasa hivi umpikie huyo mtoto uji. Mimi nitaongea, wewe koroga.

Mungu wangu! Nimesikia mengi kwenye kiti hiki, ya waume na ya wakwe, lakini mtoto wa miaka tisa kujinyima chakula kwa ajili ya majina ya ubaoni, hili limenitoa jasho. Na wewe unaniuliza umwache? Ebo!

Sikiliza. Ulifundishwa kuiamini imani yako, hukufundishwa kumwamini Mungu. Anayemwamini Mungu hulala hata siku moyo wake umelegea, kwa sababu hajishikilii mwenyewe, ameshikwa. Wewe kutwa kucha ulijipima kama umeamini vya kutosha. Ukamfanya Mungu karani wa dirishani, anayengoja ukaze misuli ndipo agonge muhuri. Muhuri ulipokosekana, akatafutwa wa kulaumiwa, na aliyepatikana ni mdogo kuliko wote.

Pole, mama. Mimi pia niliingia nchi hii na mtoto mgongoni, najua kungoja kunavyomla mtu. Hukuwa mjinga, ulikuwa umechoka. Lakini maharagi uliyang'oa wewe, kwa mikono yako, usinitajie shetani. Na Orpa alimwambia Mungu ukweli wa moyo wake. Hiyo ndiyo sala ya kweli pekee iliyosaliwa nyumbani kwenu msimu huu.

Mtoto akishakunywa, mpeleke zahanati wamtazame. Halafu nenda kwa Laurent, umwombe msamaha kwa mdomo wako, usitume mtu, mkapande tena pamoja maana mvua bado ipo. Kile chumba cha maombi cha Madeleine usirudi. Jumapili kanisani, wakiuliza nani ana ushuhuda, simama, mshike Orpa mkono, useme mbele ya wote: "Nilijitegemea mimi nikasema ni Mungu, na mtoto wangu hana kosa lolote." Utaona haya, najua. Usikae chini mpaka uone Orpa amekuamini.